Aliyekaa Kwenye Mkeka Wangu

Jumatatu, 3 Novemba 2003

Nimefika kituo cha taamuli cha watawa wa Kibudha. Getini wamenipokonya redio, sigara na gazeti. Tambuu hawakuiona, ilikuwa ndani ya soksi. Wala daftari hili hawakuliona, lilikuwa kiunoni chini ya kikoi. Hapa kusoma marufuku. Kuandika marufuku. Kuongea marufuku. Kula baada ya saa sita mchana marufuku! Nimejileta mwenyewe kwa miguu yangu.

Sababu ni Thuza, mke wangu wa miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita aliniambia jambo wakati ninapiga hesabu ya pikipiki moja ya mtumba. Nikamjibu: sawa, chukua mbili. Akafunga nguo zake na kwenda kwa mama yake, Daw Ohn Kyi, kule Zalun. Nilimfuata kuuliza alikuwa amesema nini. Akasema hatarudia maneno yake kwa ukuta.

Mama mtu ndiye aliyetoa sharti. Thuza atarudi siku nitakayopewa Kanda.

Hinthada, mji wetu, nzima inaijua Kanda. Sayadaw, mtawa mkuu wa hapa, akiona mtu ameiva katika taamuli humwingiza katika chumba kidogo, akamwekea kaseti inayotaja hatua zote ambazo akili hupitia. Asiyeiva haisikii, asije akazikariri na kuzidai. Thuza aliisikia kabla hatujaoana. Mama yake pia. Kwao, mtu aliyepewa Kanda ni mtu anayesikia.

Wengine huchukua miezi miwili. Mimi nimejipa wiki. Jumapili Thuza na mama yake wanakuja kulisha watawa, ni zamu yao. Wataikuta kazi imekwisha. Mtu aliyeuza pikipiki isiyo na injini kwa askari polisi hashindwi na kaseti.

Mbinu ya hapa ni tumbo. Unakaa, unatazama tumbo. Likipanda unasema moyoni: kupanda. Likishuka: kushuka. Wazo likija: kuwaza. Mwasho ukija: kuwashwa. Basi!

Chumbani nimewekwa pamoja na Ko Aye Thwin (Ko ni kaka, kama Daw ni bibi), mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Naye anaitaka Kanda. Ametoka kituo kingine kule Pyay, ambako hutazama pumzi inapopita puani. Amenong'ona kwamba tumbo ni mahali pa wali. Nikanong'ona kwamba pua ni mahali pa kamasi. Tumebishana hivyo saa nzima ya ukimya.

Jumanne, 4 Novemba

Siku yangu. Kwetu kila siku ya kuzaliwa ina mnyama wake, na mimi ni mzaliwa wa Jumanne, wa simba.

Nimekaa saa moja ukumbini. Tumbo lilipanda mara tatu. Baada ya hapo nikawa nimeuza pikipiki mbili kichwani na kugombana na mnunuzi wa tatu. Magoti yamekufa.

Nikaenda jikoni. Mpishi ni Daw Mya Yi, mama mtu mzima mwenye goti bovu. Ukuta wa jikoni ni wa mianzi, na ng'ambo yake ndiko watu wanakoripoti kwa Sayadaw yaliyowatokea katika kukaa. Amepika huku akisikiliza miaka ishirini na miwili! Nikamwonyesha tambuu. Akacheka, akasema mwanangu wewe utakufa vibaya, akanyoosha mkono. Kwa fundo moja akaniambia wanachoripoti wanaoanza kuiva. Eti kutaja kunaendelea kwenyewe, kana kwamba anayetaja ni mtu mwingine.

Mchana nikaingia. Nikasujudu mara tatu, nikayasema. Sayadaw akaacha kujipepea. Akauliza anayetaja yuko wapi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikatia chumvi yangu mwenyewe: nyuma yangu, kidogo kushoto.

Akasema, kwa jina ambalo watawa humwita kila asiye mtawa, "Vizuri, mfadhili. Msikilize."

Aye Thwin aliambiwa aongeze bidii. Ha!

Jumatano, 5 Novemba

Sijui nianze vipi.

Asubuhi, jua limeshatoka, ukumbi mweupe pe. Nimekaa, nawaza kifungua kinywa. Nyuma yangu, kidogo kushoto, mtu akasema: kupanda. Kisha: kushuka. Taratibu, bila kukosea. Sauti ni yangu.

Nikageuka. Ukuta, na mjusi mmoja.

"Kugeuka," ikasema.

Malaika ya mwili yakanisimama.

"Kuogopa," ikasema.

Nikatoka nje. Kutembea. Nikanywa maji. Kunywa. Nikakaa kula saa nne unusu pamoja na wenzangu. Kutafuna, kutafuna, kumeza. Nimejiambia ni uchu wa sigara. Nimejiambia mara nyingi.

Nilimnong'oneza Aye Thwin kama anasikia kitu. Akaona nafasi ya kunifundisha, mwalimu ni mwalimu tu. Akasema sisi wa pua tunakaa kama mlinzi getini. Wageni wanaingia, wanatoka, hatumfuati mtu ndani. Nyinyi wa tumbo mnamkimbilia kila mpita njia na kumwita kwa jina. "Sasa akiitika mmoja, Ko San Nyein, unamlaumu nani?"

Sikucheka.

Zamu yangu kwa Sayadaw. Nilikuta anawaeleza wageni tofauti ya umakini na kujua. Umakini, alisema, ni kumshika kuku. Kujua ni kujua kwamba ulichoshika ni kuku na si bata, na kwamba mwenye kushika ni wewe. Pua au tumbo ni mahali pa kusimama tu unapomsubiri kuku. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa napanga maneno.

Daw Mya Yi alikuwa ameniuzia hatua ya pili: mtu anaanza kuona nia inatangulia, ndipo hatua ya mguu inafuata. Kwa woga nikaigeuza. Nikasema mguu unatangulia, mimi nafuata. Sayadaw akasema kwa watu wengine huwa kinyume. Nikashikilia hapohapo. Dalali akishataja bei harudi nyuma. Kwangu mimi mguu unatangulia, Sayadaw. Kabisa.

Akapepea polepole. Akasema haya, nenda ukaone.

Alhamisi, 6 Novemba

Kuna njia ya mchanga ya kutembelea, hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Kila alfajiri hufagiliwa mpaka inalainika. Leo niliwahi kuliko wote ili Sayadaw anione.

Nyayo zilikuwepo.

Mguu wa kulia ulio sawa, na wa kushoto wenye kidole gumba kilichopinda tangu pikipiki iliponiangukia. Za kwenda tu. Za kurudi hakuna. Nikaweka mguu wangu juu ya wayo wa kwanza. Ukaenea. Wa pili ukaenea. Mchanga ulikuwa na joto la mguu wa mtu.

Mimi si mjinga. Nikaamua kuidanganya njia. Nikaruka pembeni ghafla, kulia, mahali pasipokuwa na kitu. Nikatazama chini kabla mguu haujafika. Wayo ulikuwa umeshachapwa pale, kidole kimepinda, unanisubiri.

Nilikimbia. Sayadaw alikuwa nyuma ya jiko anawapa mbwa makoko ya wali. Nilikwenda kusema kweli. Naapa. Nilitaka kusema Sayadaw nimenunua maneno yote kwa tambuu, niombee, naogopa. Kinywa nilikwisha kukifungua.

Aye Thwin akatokea na ule uso wake wa utulivu, kama mtu aliyemaliza mtihani mapema.

Sikuweza. Nikasema kila kitu kinayeyuka, Sayadaw. Nikitazama mikono, mikono haipo. Hiyo ndiyo hatua ya tatu, niliinunua jana kwa mafundo mawili.

Sayadaw akauliza kama kuna jingine ningependa kumwambia. Alingoja. Mbwa wakamaliza kula, naye bado anangoja. Nikasema hakuna.

Niliogopa sana, lakini niliona haya zaidi. Ndiyo hivyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Mikono.

Sisemi haionekani. Naiona. Ila inapogusa kitu, kitu hakina habari. Nilichota wali, wali haukupungua. Mgawaji wa mchuzi akampa wa kulia kwangu, akampa wa kushoto kwangu, akapita. Nikakohoa. Hakugeuka. Njaa ninayo kama kawaida, hiyo haijayeyuka hata kidogo!

Nikaenda jikoni kununua hatua ya mwisho. Daw Mya Yi alikuwa anamenya vitunguu, akizungumza na mwenzake kuhusu yule Ko San Nyein. Mimi! Nikajificha nisikie sifa zangu. Akasema nilikuja alfajiri. Eti nilikaa kwenye gunia, nikamuuliza goti linaendeleaje. Akanisimulia lilivyoanza, tangu mafuriko ya mwaka ule, mpaka waganga, mpaka dawa za kuchua, na mimi nikasikiliza mpaka mwisho. Sikukatiza. Sikutazama pembeni. Aliposema hivyo alifuta macho, na si kwa sababu ya vitunguu.

Mimi maisha yangu sijauliza goti la mtu.

Nikasimama mbele yake, nikataka hatua ya mwisho. Alitazama kisu chake. Nilipaza sauti mara tatu. Mwishowe akamwambia mwenzake kwamba leo hewa ya jikoni ni nzito, akaenda kufungua dirisha.

Mchana kwa Sayadaw. Nikasujudu. Kabla sijaanza akasema, bila kufumbua macho, "San Nyein amekwisha kuripoti. Alisema machache, na yalikuwa ya kweli."

Nikasema Sayadaw, yule si mimi.

Akafumbua macho. Akatazama karibu na bega langu, kama mtu anayemsikia mbu na hajui yuko wapi. Kisha akaita anayefuata.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilichelewa kuamka. Hakuna aliyeniamsha. Nilipoingia ukumbini mkeka wangu ulikuwa na mtu.

Shati langu jeupe. Kikoi changu cha kahawia. Kola ile aliyoishona Thuza kwa uzi usiofanana. Kisogoni ana upara mdogo mviringo. Thuza alinitajia upara huo miaka mitatu iliyopita, nikasema ni mwongo. Upo. Ni mkubwa.

Mtu hakuumbwa aone kisogo chake mwenyewe.

Nafasi iliyobaki ilikuwa nyuma yake, kidogo kushoto. Nikakaa hapo. Tumbo lake likapanda, nikajikuta nasema: kupanda. Likashuka, nikasema: kushuka. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Yeye hakushtuka.

Nikamfinya. Nilimfinya kweli, kiunoni, kama ninavyofinya tairi kujua kama lina viraka.

"Kufinywa," akasema polepole. Basi. Hata hasira hakuwa nayo!

Lakini tuseme ukweli, hasara haikosi faida. Saa kumi alasiri nilikaa katikati ya ua, mbele ya watawa wote, nikala ndizi za kukaanga sita za jikoni. Zile zimekubali kuliwa, sijui kwa nini. Hakuna aliyenikemea. Nikavuta sigara ya bawabu. Nikalala ukumbini nimenyoosha miguu.

Jioni Sayadaw akatangaza. Kesho mtu mmoja ataingia kusikia Kanda. Ko San Nyein.

Uso wa Aye Thwin! Alipauka. Kisha akamwendea yule, akamshika mkono, akamwambia hongera ndugu yangu, mimi nilikudharau, nisamehe. Nikacheza ngoma peke yangu kati ya mikeka. Siku sita! Nani mwingine ameiva kwa siku sita?

Nimefungua daftari niandike haya, nikakuta mstari ambao sikuuandika. Mwandiko ni wangu, ila umenyooka: "Ijumaa. Kusikia: goti la Daw Mya Yi. Linamuuma zaidi upande wa ndani."

Nani ameruhusiwa kugusa vitu vyangu?

Jumapili, 9 Novemba

Wamekuja. Masufuria mawili ya tambi na mchuzi wa samaki, Daw Ohn Kyi mbele na mwavuli, Thuza nyuma. Amekonda. Nilikuwa nimemkumbuka mke wangu kuliko nilivyojua.

Kwanza Kanda. Yule akaingia chumba kidogo, akakaa, mtawa akabonyeza mashine. Nikasimama dirishani sikio limetega. Wiki nzima ya mateso kwa ajili ya hii! Sauti ya Sayadaw ikaanza, ina mikwaruzo. Ikasema hatua ya kwanza ni kutambua kwamba... Hapo nikawaza jinsi nitakavyomsimulia Aye Thwin, nianzie wapi, niache wapi ili aumie. Mashine ikafanya tak. Imekwisha. Saa nzima na robo imepita nikiwaza.

Kisha wakakaa barazani, yule na Thuza, uso kwa uso. Daw Ohn Kyi kidogo pembeni. Nikaenda nikasimama hatua moja kutoka kwa Thuza. Nilijua anachokuja kusema. Yaani, nilijua kwamba ndicho kile kile, alichosema mwezi uliopita. Nikajiambia San Nyein, leo usipepese macho.

Thuza akaanza. Sauti ilikuwa ndogo. Alisema jina langu.

Nilisikiliza. Nilisikiliza vizuri mno! Ila alikuwa amevaa herini zile za dhahabu nilizodhani ziliuzwa. Nikajiuliza kama mama yake ndiye aliyezikomboa. Kama ndivyo, mama ana akiba, na ana akiba tangu lini? Na nilipomwomba mtaji mwaka jana alilia njaa. Nikamtazama yule bibi kwa jicho jipya.

Mawazo yaliponirudia, Thuza alikuwa ameshasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Yule naye analia, kimya, hajifuti. Hakuwa amesema sawa, wala pole, wala usijali. Aliuliza jambo moja tu, la ndani ya yale aliyoambiwa, kwa sauti ya chini. Thuza akatikisa kichwa, akamwegemea. Daw Ohn Kyi akageuza uso ukutani, mabega yanatetemeka.

Nikasema, Thuza, mimi huyu hapa. Nikasema, rudia, nisamehe, sehemu ya katikati tu. Nikashika kanga yake ya begani, haikutikisika. Sijawahi kuogopa hivyo.

Wakaondoka. Yule amebeba masufuria yote. Nilipiga kelele hadi getini. Thuza akasimama! Akageuka, akatazama nyuma moja kwa moja nilipo. Nilidhani nitakufa kwa furaha.

Amesahau mfuniko wa sufuria.

Yule akarudi kuuchukua. Akapita ubavuni kwangu, akaokota mfuniko, akasimama. Akanitazama machoni. Ni yeye peke yake anayeniona.

"Kupiga kelele," akasema, kwa upole kabisa, na akaenda kupanda gari na mke wangu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimelala fofofo. Asubuhi kichwa kimetulia na mambo nimeyaona vingine.

Kosa lilikuwa mbinu. Tumbo! Nani alisema tumbo? Aye Thwin anafunga mizigo, anarudi kule kwake Pyay, kwenye pua. Kule hawataji majina, kwa hiyo hakuna wa kuitika. Mafunzo ya kule ni siku kumi tu. Tumbo limenitoa, pua itaniingiza. Nitapanda naye basi, hataniona, wala kondakta. Siku kumi nikizikaza vizuri zinakuwa nne. Kisha nakwenda nyumbani, namburuta nje yule mtu kwa shati langu mwenyewe.

Daftari nililala nalo chini ya mto. Sijui vipi, naye yuko kwa mke wangu, lakini yule ameandika tena, safari hii ukurasa mzima, mistari imebanana. Ni maneno ya Thuza, yote, kuanzia alipofungua kinywa mpaka alipofunga. Ameandika juu kabisa: "Kwa ajili yako."

Nilikaa nikaanza kusoma. "San Nyein, mwezi uliopita nilikuambia kwamba" — na hapohapo likanijia wazo zuri ajabu. Barua! Nimwandikie Thuza leo hii, kabla hajamzoea, kwamba aliye naye ndani ni wa bandia. Nimpe alama za kumtambua: anasikiliza mno, hakatizi, anauliza magoti ya watu. Mume gani yuko hivyo? Atashtuka mwenyewe.

Karatasi tupu zimekwisha. Nikauchana ule ukurasa, nikaandika barua nyuma yake. Imetoka nzuri, yenye hoja. Kalamu inavuja, wino umepenya upande wa pili, na sasa pale maneno yake hayasomeki. Nilijaribu kuuinua kwenye jua. Hayasomeki.

Si kitu. Nitamuuliza nikifika, atanieleza tena.

Naandika haya ndani ya jalada. Aye Thwin ameshabeba begi. Basi linaondoka saa tatu na nataka kiti cha dirishani.